Digrii Kwanza, Miaka ya Nuru Baadaye: Niliyojifunza Nikiongoza Klabu ya Anga

Nafundisha Jiografia katika shule ya sekondari ya kata, nje kidogo ya Dodoma mjini. Mwanzoni mwa 2025 mkuu wa shule alinikabidhi klabu ya anga kwa sababu moja tu: mada ya mfumo wa jua ni yangu darasani. Hakuna aliyeniuliza kama nimewahi kuitafuta sayari angani kwa macho yangu. Umbali kati ya Dunia na Jua niliujua kwa kichwa, lakini ungenitoa nje usiku na kuniambia nikuonyeshe Mshtarii, ningeanza kukohoa.

Naandika haya kwa mwalimu, mzazi au kijana anayetaka kuanza, maana vitabu na video nyingi nilizozipitia huanzia mwisho. Ukurasa wa kwanza ni mwaka wa nuru, wa pili parseki, wa tatu galaksi ya Andromeda iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Yote ni kweli, na yote hayakusaidii kitu ukiwa umesimama uwanjani usiku na wanafunzi arobaini wanakutazama. Uwanjani unahitaji vipimo viwili, pembe na saa. Umbali unaweza kusubiri hata muhula mzima.

Mimi nami nilianza na umbali. Kikao cha kwanza nilijaza ubao: kizio astronomia, yaani umbali wa wastani kati ya Dunia na Jua, ni kilomita milioni 149.6; mwaka wa nuru, yaani umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja, ni kilomita trilioni 9.46. Wanafunzi walinakili kwa adabu zote. Jioni tulitoka nje. Ilikuwa Februari, Zuhura inang'aa magharibi, Mshtarii juu karibu na kile kishada cha nyota kiitwacho Kilimia, na Jabari, kundi la nyota la Orion, karibu utosini. Msichana mmoja wa kidato cha pili akauliza, "Mwalimu, kutoka ile nyekundu hadi ile nyeupe ya Jabari ni umbali gani?" Kabla sijajibu, mwenzake akasema mita mbili. Mwingine akasema hapana, hiyo ni futi moja. Wakaanza kubishana, na kila mmoja alikuwa na haki ya kubisha, kwa sababu swali halikuwa na jibu la mita wala la futi. Ubao wangu wote wa mchana haukuwa na neno la kuwasaidia.

Jibu ni digrii 18 na ushei. Angani hatuoni urefu, tunaona pembe. Duara zima lina digrii 360, na kutoka upeo wa macho hadi utosini ni digrii 90. Digrii moja ina dakika 60 za tao, na dakika moja ya tao ina sekunde 60 za tao. Hizi si dakika za saa ya ukutani, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Sisi tulikubaliana kulitamka neno "tao" kila mara mpaka likazoeleka.

Kifaa cha kupimia unacho tayari. Nyoosha mkono mbele yako hadi mwisho. Kidole kidogo kina upana wa digrii 1 hivi. Vidole vitatu vya katikati vikibanwa pamoja ni digrii 5. Ngumi ni digrii 10. Kiganja kikiwa wazi, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo, ni digrii 20 au zaidi kidogo. Mtoto mwenye ngumi ndogo ana mkono mfupi pia, kwa hiyo hesabu inabaki ileile. Usiniamini tu, jipime. Nyota tatu za mkanda wa Jabari, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, ni digrii 2.7. Mhimili mrefu wa Salibu, kundi la nyota lenye umbo la msalaba, ambayo hapa kwetu huonekana vizuri Aprili hadi Juni mida ya saa mbili au saa tatu usiku, ni digrii 6. Nyota mbili zinazoelekeza kwenye Salibu zimeachana digrii 4 na nusu.

Kisha fanya jaribio ambalo lilitufurahisha kuliko yote: waambie watu wakadirie upana wa Mwezi mpevu. Kwetu kuna aliyesema digrii 10, kuna aliyesema 5. Mwezi una upana wa nusu digrii tu. Kidole kidogo kimoja kinaufunika na nafasi inabaki. Jua nalo ni nusu digrii. Jua ni pana kuliko Mwezi mara 400 hivi, na liko mbali mara 400 hivi, ndiyo maana machoni vinalingana. Waliokuwa Rujewa, wilayani Mbarali, tarehe 1 Septemba 2016 waliliona Jua likibaki pete, kwa sababu siku ile Mwezi ulikuwa sehemu ya mbali ya njia yake, pembe yake ikapungua kidogo, ukashindwa kulifunika Jua lote. Tofauti ya dakika moja au mbili za tao ndiyo iliyokusanya watu Mbeya.

Kupima anga kwa vidole si mchezo wa watoto. Manahodha wa Bahari ya Hindi, enzi za Ahmad ibn Majid katika karne ya 15 na kabla yake, walipima kimo cha nyota kwa kibao chenye uzi uliofungwa mafundo, kiitwacho kamal, na kizio chao kilikuwa isba, yaani kidole, zaidi kidogo ya digrii moja na nusu. Kwa kipimo hicho walijua jahazi limefika usawa wa bandari ipi. Nilipowaambia hili vijana wangu, waliacha kuona aibu ya kunyoosha ngumi gizani.

Kipimo cha pili ni saa. Dunia huzunguka digrii 360 kwa siku, basi anga hutembea digrii 15 kwa saa moja, au digrii moja kila dakika nne. Sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati ambayo vitabu vya Ulaya haviitaji: nyota inayochomoza mashariki kamili hupanda karibu wima. Kwa hiyo ukijua imechomoza saa ngapi, unajua kimo chake bila kifaa. Saa moja baada ya kuchomoza iko digrii 15, ngumi moja na nusu. Saa mbili, ngumi tatu. Huko London nyota hiyohiyo ingepanda kwa mshazari, na hesabu hii nyepesi isingekubali.

Vitabu hivyohivyo vinakwambia uanze kwa kuitafuta Nyota ya Kaskazini. Usihangaike. Kimo cha nyota hiyo ni sawa na latitudo yako ya kaskazini, na Dodoma iko digrii 6 kusini, maana yake nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho. Nilipoteza jioni nzima nikiitafuta juu ya paa la bweni la wasichana, mpaka matroni akaja kuuliza ninachungulia nini.

Agosti tukaanza kujiandaa kwa kupatwa kwa Mwezi kwa tarehe 7 Septemba, Jumapili. Hapo saa ikatutesa kwa namna nyingine. Matukio ya anga huandikwa kwa saa ya dunia, yaani UT. Mwenzangu mmoja aliona kwamba Mwezi utafunikwa wote kuanzia 17:30, akatengeneza tangazo zuri lenye picha nyekundu, akawaalika wazazi saa kumi na moja na nusu jioni. Tangazo likasambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya kata nzima. Lililoniokoa ni jambo moja dogo: Mwezi hupatwa ukiwa mpevu tu, na Mwezi mpevu huchomoza Jua linapozama. Saa kumi na moja na nusu Jua bado liko juu na Mwezi haujatoka. Tukaketi kuhesabu upya.

Saa yetu ya Afrika Mashariki ni UT kuongeza 3, kwa hiyo 17:30 ni 20:30, yaani saa mbili na nusu usiku. Baada ya kukosea mara kadhaa kati ya saa za kizungu na saa zetu, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aligundua njia ya mkato ambayo naitumia mpaka leo: chukua saa ya UT, jumlisha 9, kisha toa 12 mpaka ubaki na saa iliyo chini ya 13. 17:30 jumlisha 9 ni 26:30. Toa 12, toa 12 tena, unabaki na saa 2:30. Kama UT iko kati ya 15:00 na 03:00, kwetu ni usiku. Na angalia tarehe: 21:00 UT ni saa sita usiku kwetu, hivyo tukio la 22:00 UT tarehe 13 kwetu ni tarehe 14, usiku wa manane. Walio Kigali, Bujumbura au Goma wako UT kuongeza 2, wao wajumlishe 8. Zoezi kwa anayetaka: Mwezi utapatwa wote tena, ukionekana kwetu, tarehe 31 Desemba 2028, kilele 16:52 UT. Ukipata saa 1:52 usiku, uko sawa.

Kusambaza tangazo la masahihisho ilikuwa kazi kubwa kuliko hesabu yenyewe, na wazazi wachache walikuja saa kumi na moja wakatusubiri kwa subira iliyonifedhehesha. Lakini usiku wenyewe ulituheshimu. Mwezi ulichomoza saa kumi na mbili na nusu hivi. Vijana walikuwa wameandika ubaoni utabiri wao: kivuli kitaanza kuuma saa 1:27, Mwezi ukiwa ngumi moja na kidogo juu ya upeo, utafunikwa wote saa 2:30, ngumi tatu, utaanza kuachiwa saa 3:52, ngumi tano kasoro kidogo. Walisimama wamenyoosha mikono kama askari trafiki, wakipima. Walipopata ngumi tatu saa mbili na nusu, na Mwezi umegeuka rangi ya kutu, kelele zilizopigwa zilimfanya mlinzi aje mbio. Chini ya Mwezi, ngumi moja na nusu, ilikuwa Zohali. Nayo waliipata kwa ngumi, si kwa simu.

Usiku huohuo ndipo walipoelewa uangavu wa nyota, kipimo ambacho nilikuwa nimeshindwa kukieleza darasani. Mwezi ulipofifia, nyota zilizokuwa zimemezwa zikajitokeza moja moja. Vipimo vya uangavu huenda kinyume: namba ndogo ndiyo nyota yenye nguvu zaidi. Ifikirie kama nafasi darasani, ambapo wa 1 amempita wa 6. Mpango huu ni wa zamani sana. Wagiriki, akiwemo Hipparchus katika karne ya pili kabla ya Kristo, waligawa nyota katika madaraja sita, za kwanza zikiwa zinazong'aa zaidi na za sita zile zinazoonekana kwa shida. Mwaka 1856 Mwingereza Norman Pogson akaifunga hesabu: tofauti ya madaraja matano ni sawa na mwanga mara 100, kwa hiyo daraja moja ni mara 2.5 hivi. Walipopima upya, nyota chache zikazidi hata daraja la kwanza, ndiyo maana kuna sifuri na hasi. Suheli (Canopus) ni -0.7, Shira (Sirius) ni -1.5, Zuhura hupita -4, Mwezi mpevu ni -12.7, Jua -26.7.

Matumizi yake ni haya. Kijijini penye giza la kweli, jicho zima huona hadi daraja la 6. Mjini kwenye taa unaweza kuishia la 3 au la 4. Kwa hiyo ukisoma kwamba kimondomkia (kometi) fulani kina uangavu wa 8, usiwaite wazazi. Hata kikiwa 5, kumbuka namba hiyo huhesabu mwanga wote wa kitu kilichotandaa, hivyo machoni kitakuwa hafifu kuliko nyota ya 5. Magazeti huandika "kitaonekana kwa macho" bila kutaja macho ya nani na yuko wapi.

Kuhusu hesabu ya dakika nne, kuna jambo lililonirudisha kwetu Pangani. Digrii 360 humalizika kwa saa 23 na dakika 56, si saa 24 kamili, kwa sababu Dunia huku ikijizungusha inasogea pia kulizunguka Jua. Basi kila nyota huchomoza dakika nne mapema kuliko jana. Kwa mwezi mmoja ni saa mbili. Babu yangu mzaa mama, mvuvi, alikuwa akisema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nilikua nikiisikia kama methali tu. Nilipokaa na daftari nikahesabu dakika nne nne, nikaona ni kalenda. Aprili, masika yamekolea, Kilimia huonekana chini magharibi baada ya Jua kuzama. Kila jioni kinashuka, na mwanzoni mwa Mei mwanga wa Jua unakimeza. Kinazuka upya mashariki alfajiri ya Juni, mvua zimekwisha. Babu hakuwa na digrii wala UT, lakini kipimo kilikuwa kilekile, na mimi mwenye cheti cha ualimu ndiye niliyehitaji daftari.

Sasa darubini, mahali pesa ilipotoka. Machi niliagiza darubini kutoka duka moja la mtandaoni kwa shilingi 390,000, usafiri kutoka Dar ukiwemo. Boksi liliandikwa kwa herufi kubwa: INAKUZA MARA 525. Kama ningejua kusoma namba nyingine mbili zilizoandikwa kwa herufi ndogo ubavuni, 76 na 700, ningeelewa yote kabla ya kulipa.

Ile 76 ni kipenyo cha kioo kikuu kwa milimita. Ile 700 ni urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kioo hadi pale mwanga unapokutana, nao kwa milimita. Ukuzaji hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi wa darubini kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya kuchungulia. Nililetewa lenzi tatu: ya 20, ya 12.5 na ya 4. 700 gawanya kwa 20 ni 35. Kwa 12.5 ni 56. Kwa 4 ni 175. Ongeza kile kipande cha kuzidisha mara 3 kilichokuja nacho, na 175 inakuwa 525. Hawakusema uongo kwenye hesabu. Wamenyamaza kuhusu kanuni inayojulikana na kila aliyezoea darubini: ukuzaji wenye faida hauzidi takriban mara mbili ya kipenyo kwa milimita. Kwa kioo cha 76 ni mara 152. Ukipita hapo unakuza ukungu.

Sababu ni sekunde za tao. Kioo cha milimita 76 kinaweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kama sekunde 1.5 za tao, na hakiwezi kuzidi hapo hata ukuze vipi. Kuna kanuni rahisi, 116 gawanya kwa kipenyo. Mbali na hilo, hewa yenyewe inatetemeka. Halafu kuna mwendo wa anga. Kwa mara 525 dirisha unalochungulia lina upana wa dakika tano au sita tu za tao, na anga hukimbia dakika 15 za tao kila dakika moja ya saa. Fanya hesabu: kitu kinapita na kutoweka kabla ya nusu dakika kuisha. Unamwita mtoto aje aone, akiinamisha kichwa hakuna kitu. Stendi nayo inatikisika kila mtu akiigusa. Nusu ya wanafunzi wangu wa usiku wa kwanza walirudi bwenini wakisema mwalimu amedanganywa, na mimi nilikuwa karibu kukubaliana nao.

Tulipoweka lenzi ya 20, kila kitu kikabadilika. Kwa mara 35 dirisha lina digrii moja na zaidi, kitu kinakaa dakika tano hivi. Mshtarii wakati ule ulikuwa na upana wa sekunde 40 za tao. Zidisha kwa 35, unapata sekunde 1,400, yaani dakika 23 za tao, kama robo tatu ya upana wa Mwezi kwa macho ya kawaida. Ni ndogo, ndiyo, lakini ni duara, na miezi yake minne imejipanga mstari kandokando. Hesabu hii ifanye mapema na uwatajie watu jibu kabla hawajachungulia. Mtu akitegemea picha za vyombo vya angani, hata Mshtarii uliotulia safi atauona ni punje. Zohali nayo ilituvunja moyo 2025, kwa sababu pete zake zilikuwa zimetugeukia ubavu. Usiku wa Septemba zilikuwa mstari mwembamba tu. Si kosa la darubini.

Faida kubwa ya kipenyo ni mwanga, kuliko ukuzaji. Mboni ya jicho gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi. Kioo cha 76 ni kipana mara karibu 11, na eneo huenda kwa kipeo cha pili, kwa hiyo kinakusanya mwanga zaidi ya mara 100. Mara 100, kumbuka, ni madaraja matano. Jicho linafika 6, darubini inafika 11. Hapo vijana wangu walijua kwa mara ya kwanza kwamba vipimo hivi vinaongea pamoja.

Jambo moja halina mzaha. Ndani ya boksi kulikuwa na kichujio kidogo cheusi cha kutazamia Jua, cha kufungwa kwenye lenzi ya kuchungulia. Nilikivunja siku hiyohiyo. Kinakaa pale mwanga wote uliokusanywa unapokutana. Joto hukipasua, na jicho haliponi. Kichujio cha Jua kinachofaa hufunika mdomo wa mbele wa darubini. Kama huna hicho, Jua liache.

Mwishoni, Oktoba, tukarudi kwenye umbali, na safari hii haukuwa wa kunakili. Tulikubaliana kizio astronomia kimoja kiwe mita moja uwanjani. Jua likawa punje ya hindi, milimita 9. Dunia, mita moja kutoka hapo, ni chembe isiyoonekana. Mshtarii mita 5.2, Zohali 9.5, Neptuni mita 30, karibu na goli la pili. Kisha nikawauliza nyota iliyo jirani na Jua, Proksima, iko wapi. Wakasema geti la shule. Wakasema barabarani. Mwaka wa nuru una vizio astronomia 63,241, hivyo kwa kipimo chetu ni kilomita 63. Proksima iko miaka ya nuru 4.24, ambayo ni kilomita 268: unashika barabara ya Dar, unafika Morogoro mjini na kupita kidogo, na katikati yote hiyo hakuna kitu. Kijana mmoja aliyetoka Morogoro alikaa chini.

Pale uwanjani ndipo parseki ilipoacha kuwa neno la kutisha. Umbali ambao ile mita moja ya Jua na Dunia itaonekana kwa pembe ya sekunde moja ya tao ndio parseki; kwetu ni kilomita 206, kwa kweli ni miaka ya nuru 3.26. Imetokana na kupima pembe: unaitazama nyota mwezi huu, unaitazama tena miezi sita baadaye Dunia ikiwa upande wa pili wa Jua, unaona imesogea kiasi gani. Friedrich Bessel alifanikiwa mwaka 1838, na hata Proksima husogea kama sekunde moja na nusu tu ya tao. Yule msichana wa swali la Februari alisema, "Kumbe hata umbali wanaupata kwa digrii." Na kuhusu mwaka wa nuru, sahihisha mapema: ni umbali, si umri. Kilimia kiko kama miaka ya nuru 440, na hiyo haisemi nyota zake zina miaka 440. Inasema mwanga tunaouona leo uliondoka huko wakati Wareno bado wako pwani yetu.

Anayeniuliza anunue nini, namjibu kwa bei zangu. Kwa miezi mitatu usinunue kitu. Ngumi, daftari, na programu ya ramani ya anga ya Stellarium kwenye simu ukiwa umeiwekea mahali ulipo, vinatosha na ni bure. Baada ya hapo tafuta darubini ya macho mawili iliyoandikwa 7x50 au 10x50: namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili kipenyo cha lenzi za mbele kwa milimita. Mimi nilipata ya mitumba Kariakoo kwa shilingi 65,000 baada ya kuzichungulia nyingi na kukataa zile zinazoonyesha nyota moja kama mbili. Inaona digrii sita hivi kwa mkupuo, Salibu nzima inaingia, na klabu huigombania kuliko ile ya 390,000. Ukifika dukani kwa darubini kubwa, geuza boksi, tafuta kipenyo na urefu wa fokasi, na muuzaji akikutajia ukuzaji kwanza, mwache amalize kisha umuulize milimita.